Udi wa Joho

Kila Zahran alipopoteza uwaziri, Bahiya mkewe alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akalifukiza joho jeusi la uwakili mpaka likanukia nyumba nzima. Hakulia, hakumlaani mtu. Kesho yake mumewe alishuka ngazi za nyumba yao ya mtaa wa Malindi akaenda mahakamani ananukia kama bwana harusi, na waliokuja kutazama kaanguka vipi wakarudi hawana la kusimulia.

Joho hilo lilifanya kazi, maana serikali zilikuja na kuondoka. Ya kwanza ilimpa Zahran gari, kisha siku moja, tonge la wali mkononi, akasikia redioni kwamba si waziri tena. Ya pili ilimtia ndani mwaka na miezi minane bila ya shtaka. Ya tatu ikamwomba radhi, ikampa wizara, ikavunjika yenyewe kabla hajakizoea kiti. Sasa ana miaka sabini na moja, na ya nne imempigia simu: Waziri wa Sheria, kiapo leo saa kumi. Hicho ndicho cheo pekee alichokitamani tangu anasoma sheria, na Bahiya alikuwa akimwombea kila baada ya sala.

Kwa hiyo asubuhi hiyo aliifukiza kanzu mpya na koti. Jirani yake, Faiza, alishaleta sahani ya haluwa. Lilibaki jambo moja tu. Mpiga simu alitaka Zahran kwanza aandike barua ya kujitoa kwenye kesi ya wakulima wa mwani wa Makunduchi, iliyopangwa saa tatu siku hiyo hiyo. Mwenye hoteli alitaka kujenga ukuta na kuwafungia njia ya pwani. Mawakili wawili walishajitoa kwa woga, Zahran alikuwa wa tatu, na wa nne hayupo.

Bahiya aliposhuka kuchukua makaa zaidi, alimkuta ukumbini Bi Mwanaasha, kiongozi wa wanawake hao wanaolima mwani, kavaa buibui lake la sikukuu.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Tumesikia habari ya uwaziri, tumekuja kumpa hongera. Yule ni wetu, akipanda yeye tumepanda sote. Kesi tutaisema wenyewe, Mungu yupo."

Alisema huku anacheka, lakini vidole vyake, vilivyochanwachanwa na kamba na maji ya chumvi, vilikuwa vikiukunja mtandio na kuukunjua. Bahiya aliviangalia, akaona haya, haya ya kweli. Hakumpelekea mumewe chakula jela mwaka na miezi minane ili atoke aje kuandika barua ile.

Juu alimkuta Zahran kashika kalamu, karatasi bado tupu. Alifungua sanduku, akatoa joho, akalitandaza juu ya chetezo.

"Mama Nasser," alisema Zahran polepole, "unajua unachofanya? Cheo hichi hakirudi tena."

"Nnajua, Baba Nasser. Nshalia hapo ngazini, nshamaliza. Simama nikuvishe."

Zahran aliiweka kalamu chini, akasimama.

Mchana redio ilisoma majina ya mawaziri, la Zahran halikuwamo. Faiza akapanda mbio na uso wa msibani, akamkuta shoga yake anaikata haluwa vipande.

"Pole, Bahiya. Wamemnyima tena!"

"Pole ya nini? Bi Mwanaasha kanipigia simu sasa hivi. Jaji kauzuia ukuta. Kaa ule haluwa yako."

Kabla Faiza hajakaa, ngazi zikasikika zikilia, miguu ya mzee ikipanda taratibu, na harufu ya udi ikatangulia kuingia. Bahiya alikiweka kisu, akajifuta mikono, akasimama wima, kama wanavyosimama watu mahakamani jaji anapoingia.