Kimya cha Kibosho

Watu wa Kibosho hawajisifu. Wanasema tu yaliyopo, na kama yaliyopo ni mazuri, kosa ni la nani? Kalisti alikuwa Mkibosho wa kuzaliwa, ingawa studio yake ilikuwa chini mjini Moshi, mtaa wa Rau, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi yake. Kuta zake zilibandikwa trei za mayai kutoka sakafuni mpaka darini. Humo alirekodi kwaya, na humo alijivunia mambo mawili: masikio yake, na kwamba hakuna kitu cha wizi kilichowahi kuvuka kizingiti chake.

Hilo la pili alilitangaza mwenyewe, tena redioni. Vijana wa stendi ya Moshi walikuwa wakinakili kaseti za kwaya na kuziuza mchana kweupe. Kalisti akaenda kwenye kipindi cha asubuhi akasema kwamba anayenakili kaseti ya mtu hana tofauti na anayeingia kihambani kwa mtu akakata mkungu wa ndizi. Maneno yale yalipanda mlima. Mwalimu Redempta, kiongozi wa kwaya ya parokia huko Kibosho, aliyasikia, na Jumapili ile ile akawaambia waimbaji wake, "Tutarekodi kwa Kalisti. Yule mtoto ana adabu."

Basi ukishasema redioni, umesema. Mate yakishatemwa hayalambwi.

Mwalimu Redempta alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Kwaya yake haikutumia kinanda wala ngoma. Alisema kinanda ni mkongojo, na waimbaji wake wana miguu. Alikuwa ametunga wimbo mrefu wa Noeli, na kaseti yake ilitakiwa iwe tayari kabla ya Krismasi, kwa maana mwezi wa Desemba kila Mchagga aliyeko Dar, Mwanza, au popote riziki ilikomtupa, hurudi nyumbani. Kaseti ikichelewa wiki ile, ungoje mwaka mwingine. Na Kalisti alijua kabisa kwamba akishindwa, Mwalimu atapeleka kwaya Arusha, na mlima mzima utasema mtoto wa nyumbani alipewa nafasi ikamshinda.

Tatizo lilikuwa chumba. Trei za mayai zinameza sauti. Kwaya iliyozoea kanisa la mawe, ambako sauti inaondoka, inagonga ukuta wa nyuma na kurudi imenenepa, mle ndani ilisikika kama watu waliojifungia kabatini. Kupeleka kompyuta kanisani hakukuwezekana. Barabara ya Kibosho wakati wa mvua za vuli ilikwishamuulia kompyuta moja, na hakuwa na ya kutoa sadaka tena. Ilibaki kuutengeneza mwangwi ndani ya kompyuta yenyewe. Kuna viprogramu vidogo vya kazi hiyo, vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Vijana wa studio wanaviita plagini.

Kalisti alijaribu plagini zote za bure. Moja iliiweka kwaya bafuni. Nyingine iliiweka ndani ya tangi la maji. Ya tatu, Mungu amsamehe aliyeitengeneza, iliwafanya wamama wa watu waimbe kama kipaza sauti cha mnadani. Halafu akaipata moja kutoka Ulaya, akaifungua, akabonyeza, akaondoa mikono kwenye kibodi. Lilikuwa kanisa lao. Sauti iliondoka, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi. Machozi yalimlengalenga na wala hakuona aibu.

Lakini ile ilikuwa ya majaribio. Kila dakika moja, sauti ilikatika yote, na mwangwi wake, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuishusha. Kisha ikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo namna ya mwenye mali kukukumbusha kulipa.

"Nitalipa," Kalisti aliiambia kompyuta.

Alimaanisha. Alikwenda kwa Rodrick, rafiki yake tangu shule ya msingi, aliyekuwa na intaneti kafe karibu na soko. Dada yake Rodrick, Eliza, alikuwa akifanya kazi Ujerumani na alikwishakubali kwa simu kwamba watumie kadi yake ya benki, Kalisti amrudishie akija likizo. Kila kitu kilikuwa kimepangika. Wakafungua ukurasa wa kununulia. Jina, akaandika. Barua pepe, akaandika. Nchi, ikashuka orodha ya kuchagua.

Taiwan. Tajikistan. Thailand.

Kalisti alipanda juu, akashuka tena polepole. Akatafuta kwenye herufi ya U, labda wameanza na neno United, yaani Muungano. Wapi. Visiwa ambavyo hajawahi kuvisikia vilikuwepo, vyenye watu wachache kuliko Rau. Tanzania haikuwepo. Kenya ilikuwepo.

"Chagua Kenya, kaka," alisema Rodrick. "Mzungu atajuaje?"

Sasa hapa lazima mtu aelewe. Hakuna aliyezaliwa kwenye mteremko ule ambaye hajawahi kuonyeshwa kalenda au kadi yenye picha ya mlima wao, theluji yake na kila kitu, na chini yake pameandikwa Kenya. Ni kidonda cha zamani, na hakijawahi kupona vizuri. Kalisti angeweza kusamehe mengi siku ile, ila si hilo.

"Mlima wameshauhamisha," alisema. "Sasa wanataka na mimi nihame?"

"Ni kubofya tu, Kalisti. Hakuna anayekuomba pasipoti."

"Basi bofya wewe, kwa jina lako."

Rodrick alitikisa kichwa, akavuta droo, akatoa CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. "Haya, achana na Kenya. Chukua hii. Imeshakrakiwa, kufuli lake limevunjwa, haiulizi nchi wala leseni. Plagini yako imo, na nyingine mpaka utachoka. Unafikiri studio nyingine zinatumia nini?"

Tuseme ukweli, Kalisti aliitamani. Aliishika, akaigeuza, akaiona sura yake upande unaong'aa. Kuichukua kulikuwa kuimaliza kazi siku ile ile, na Mwalimu asingejua kamwe. Lakini aliwafikiria vijana wa stendi. Wangecheka mpaka wakae chini. Nyani haoni kundule, wangesema, na wangekuwa na haki. Akairudisha mezani.

"Wewe utakufa na kiburi chako," alisema Rodrick.

"Angalau hicho sikukinakili kwa mtu."

Kabla ya kuondoka aliwaandikia wale wa Ulaya barua pepe fupi, kwa Kiingereza cha sekondari: kwamba nchi yake ipo, kwamba mlima Kilimanjaro uko ndani yake, na kwamba anaomba kulipa. Hakujibiwa. Akajaribu kukata wimbo vipande na kuviunga ili akwepe kile kimya, lakini mwangwi ulivunjika kwenye kila kiungo na wimbo ukawa nguo ya viraka. Desemba ilikuwa mlangoni. Hakuwa na budi kwenda kusema.

Alipanda Kibosho Jumamosi, wakati wa mazoezi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaseti iko wapi?"

Ndivyo alivyokuwa, hana hodi wala karibu. Kalisti alimpa, ikawekwa kwenye redio ndogo, waimbaji wakasogea. Mwangwi ulipotokea, kina mama walitazamana kwa furaha, walijitambua. Kisha, katikati ya neno Mkombozi, sauti ikakatika. Mkombo, halafu kimya, halafu wakasikia wako mstari mwingine kabisa. Kalisti aliwaeleza yote, akiwa amesimama, bila kuficha orodha, Kenya, wala CD ya Rodrick. Alipomaliza alingoja kusikia neno Arusha.

"Hiyo CD hukuichukua?" aliuliza Mwalimu Redempta.

"Sikuichukua."

"Na Kenya hukubofya."

"Sikubofya, Mwalimu."

Kwenye pembe ya mdomo wa Mwalimu palikuwa na kitu ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa tabasamu. "Rudisha mwanzo," alisema. Safari hii alisikiliza akiitazama saa yake ya mkononi. "Inakatika kila dakika, haikosei?"

"Haikosei."

"Basi ina adabu kuliko besi zangu." Wanaume wa nyuma waliinamisha vichwa. "Kama yenyewe inanyamaza kwa mpango, na sisi tutanyamaza kwa mpango. Kuvuta pumzi tu ndiko kutushinde?"

Alikaa na wimbo wake akaukata upya. Ubeti uliokuwa mrefu akaupunguza, uliokuwa mfupi akaurefusha, mpaka kila ubeti ukaishia pale pale kimya kilipoangukia. Kuacha pamoja hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kurudi. Bila kinanda, bila ngoma, kwaya nzima itoke kwenye kimya na kuingia kwa mdomo mmoja, asitangulie hata mtu. Mzee Basili wa besi alitangulia mara nyingi mno, akaamriwa asimame nje kwenye migomba na asikilize wenzake mpaka atakapoelewa. Alielewa. Mtu mzima haadhirishwi hivyo mara mbili.

Walishuka Rau wamejazana kwenye pikapu, wakaimba wimbo wote mara moja bila kukosea, wakakaa chini kwenye sakafu ya studio kungoja. Kalisti alipachika mwangwi, akarudisha mwanzo, akabonyeza. Ubeti wa kwanza ulipanda, ukafika kileleni, ukakoma. Kimya kikaanguka. Hakikukata neno la mtu. Kilikaa pale kana kwamba kimealikwa, na chumba kizima kikazuia pumzi. Kisha sauti zote zikarudi kwa pamoja, na lile kanisa la mawe nyuma yake.

Wakasikiliza mpaka mwisho. Kalisti alijivuna, tena sana, akajivunia wao na yeye mwenyewe bila kujua kipi kinaanzia wapi. Mwalimu Redempta alimwekea mkono begani.

"Mtoto wa nyumbani," alisema.

Krismasi ile kaseti ziliisha kabla ya Mwaka Mpya. Waliorudi Dar waliondoka nazo, na ikawa kwamba wimbo ukipigwa mahali, baani au sebuleni, watu huacha kuongea ukifika pale penye kimya, wakangoja, kisha wakaendelea. Padri mmoja aliitaja kaseti ile katika mahubiri. Vijana wa stendi waliinakili, bila shaka.

Mwaka uliofuata jibu lilikuja kutoka Ulaya, lenye radhi nyingi. Kalisti alikwenda kwa Rodrick, akafungua orodha, akaiona Tanzania imeketi mahali pake, akalipa. Kile kimya kikaondoka kwenye kompyuta yake.

Haukupita muda ikaja kwaya ya Kilutheri kutoka Bomang'ombe, Wamachame wengi wao, ikiongozwa na mwalimu aitwaye Ebenezeri, mtu mpole mwenye koti lililopigwa pasi vizuri. Waliimba vizuri, hilo hata Mkibosho anakubali. Kalisti aliwapachikia mwangwi, akawasikilizisha wimbo mzima, umenyooka, hauna doa. Nyuso zao zikaanguka.

"Kimya kiko wapi?" aliuliza Ebenezeri.

"Kimya kipi, Mwalimu?"

"Kile cha kaseti ya Kibosho. Tumeutunga wimbo wetu tukaacha nafasi yake. Au sisi tumewekewa mwangwi wa bei rahisi?"

Mkono wa Kalisti ulijiendea wenyewe kwenye mausi. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kupenga kamasi: kuchagua kipande, kufuta sauti, basi. Lakini mkono ulisimama.

"Kile si changu," alisema. "Kina mwenyewe. Nendeni Kibosho kwa Mwalimu Redempta mkamwombe."

Walidhani anatania. Mababu wa Machame na mababu wa Kibosho walikwishapelekeana mikuki enzi zao, na hakuna aliyekumbuka Mmachame akipanda Kibosho kuomba kitu. "Kwani kimya nacho kinaombwa?" aliuliza mmoja.

"Mimi nimelipa Ulaya ili kiondoke," alisema Kalisti. "Ninyi mnashindwa kuomba Kibosho ili kije?"

Walikwenda Jumapili, Kalisti akiwa mbele, na hawakwenda mikono mitupu. Walibeba sukari na kitenge. Mwalimu Redempta aliwapokea, akawakalisha, akawalisha mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka wakaomba msamaha, na kwaya yake ikajipanga ukutani kushuhudia. Ebenezeri alisimama akaeleza shida yake kwa heshima zote. Kina mama wa Kibosho waliinamisha macho chini ili wasionekane wanavyofurahi.

"Imbeni," alisema Mwalimu Redempta. "Nataka kusikia mnavyonyamaza."

Wakaimba ubeti mmoja, wakakoma. Kuku alipita mlangoni. Hakuna aliyetikisika. Kisha wakarudi, karibu wote kwa pamoja.

"Mama mmoja wa sauti ya kwanza ametangulia. Rudieni."

Wakarudia. Walipokoma safari hii, Mwalimu alifumba macho, na Kalisti aliona mikono yake imelala mapajani, haiongozi mtu, inangoja kama mikono ya wengine wote. Waliingia kwa mdomo mmoja. Mzee Basili aliguna kwa kukubali, yeye aliyejua ugumu wake.

"Mnaruhusiwa," alisema Mwalimu Redempta. "Hamnidai wala siwadai. Ila mkiulizwa mmekitoa wapi, mseme."

"Tutasema, Mwalimu," alijibu Ebenezeri. "Aika, asante sana."

Mwalimu alimgeukia Kalisti. "Waandikie na karatasi, wasije wakasumbuliwa huko mbele."

Kalisti akaandika ruhusa ile kwa mwandiko wake bora, kwaya zote mbili zikimtazama. Mwalimu Redempta aliisoma mpaka mwisho, akatia sahihi jina lake lote, na Ebenezeri akaipokea kwa mikono miwili.