Kulungu wa Ngazini kwa Leander

Majira ya baridi yaliyopita, Leander Pike alisema atakwangua barafu ya ngazini kesho. Kesho haijafika, mama mkwe wake, Drusilla, akateleza ngazi ya juu akatua ya chini, mkono ukavunjika. Akaapa hakanyagi tena nyumba ile. Na Marina, mkewe Leander, akaapa la kwake: mama asipokuja Krismasi hii, yeye atamfuata huko huko, mume abaki ale na paka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwezi wa nane, wenzake wakichuma matunda vilimani, Leander alikuwa anapakua magunia ya chumvi.

"We Leander, hiyo chumvi ya mji mzima?" Marina akauliza.

"Ya ngazi. Inayeyusha barafu."

"Theluji inatolewa mapema, kabla haijakanyagwa ikawa barafu. Chumvi unatia kiganja tu, mchanga ndio mwingi. Hiyo yote itaishia kisimani tuje kuinywa!"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Ukuta alikuwa keshaujenga, wa magunia, hata gari likakosa pa kulala bandani.

Theluji ilianguka mkesha wa Krismasi. Leander akamwaga gunia, akamwaga na la pili, na koti lake jipya likajaa chumvi mpaka kwapani. Barafu haikuthubutu kushika. Akaingia ndani kunywa chai, roho kwatu.

Aliposikia honi akachungulia. Drusilla, aliyebembelezwa na Marina mpaka akakubali kuja, alikuwa ndani ya gari lake, amejifungia. Ngazini alisimama kulungu jike, wale wa misitu ya nchi za theluji wanaompita farasi kwa kimo, akilamba ngazi moja baada ya nyingine bila haraka.

Leander akavaa koti, akatokea mlango wa bandani na ufagio. "Toka! Toka hapa!"

Kulungu akamtazama, akasogea, akaanza kumlamba mkono wa koti.

Drusilla akashusha kioo. "Huyo ndiye mkweo mpya?"

"Mama, ngoja kidogo tu!"

"Hata mwaka jana uliniambia ningoje."

Akawasha gari. Leander akaona Krismasi yake inaondoka.

"Mama! Pita huku nyuma!" Marina akaita kutoka pembe ya nyumba. Njia ya jikoni alikuwa akiiondolea theluji tangu ilipoanza kuanguka, kisha akainyunyizia mchanga na majivu ya jiko. Drusilla akajaribu mguu mmoja, akajaribu wa pili, akatembea mpaka ndani.

Leander naye akataka kufuata. Kila alipopiga hatua, kulungu alimfuata akililamba koti.

Dirisha la jikoni likafunguka. Drusilla alikuwa na bakuli la supu ya njegere mkononi.

"Mwaka jana ulinisahau, mwanangu. Mwaka huu umenikumbuka kupita kiasi. Mwachie mwenzio hilo koti, uje ule."

Leander akavua koti, akazunguka nyuma akitetemeka, akikanyaga taratibu majivu aliyonyunyiza mkewe.