Jiko Lisilopasha Miguu

Mwaka 1991, wanawake wa chama cha majiko pale Rwezamenyo, Kigali, walikubaliana wachague jiko moja, na hilo ndilo wote walitengeneze. Vestine alileta la kwake, la bati, tumboni amelikandika udongo uliochanganywa na pumba za mchele. Alikuwa amelihangaikia msimu mzima. Likikataliwa, basi udongo wake ungebaki wa kusiliba kuta.

Asubuhi hiyo ua ulikuwa wa baridi, mvua imetoka kunyesha. Jiko la zamani la bati tupu likawekwa kando ya lake, kila moja na sufuria yake ya maji. Mama Aimable, mwenyekiti, akanyoosha miguu kwenye moja, kisha kwenye jingine. Ndivyo walivyopima jiko tangu kwa mama zao.

"La zamani lanichoma hadi magotini. Hili lako, shoga, ni maiti!"

Wenzake wakaangua kicheko. Moyo wa Vestine ukaanguka puu, ila ulimi haukuanguka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mtumishi. Namtuma na mitungi kumi ya maji, tisa anawamwagia wapita njia."

"Mlevi!"

"Mume wangu!"

"Wapi! Nipeni mji."

"Chukua Butare."

"Sitaki."

"Haya, chukua Kigali yote, utuache tupumue!"

"Sasa sawa. Mtumishi ni hilo jiko mnaloliota. Christella, wapigie hesabu."

Christella, bintiye, alikuwa mwalimu wa sayansi. Mkaa aliupima kwa mizani kabla ya kuwashwa, na maji yalipochemka akaupima uliobaki. Akaandika kwa chaki kwenye mlango.

"Kila sufuria ina lita mbili. Maji yalikuwa digrii ishirini, yakachemka kwenye tisini na tano, maana huku vilimani hayangoji mia. Yamepanda sabini na tano. Lita moja kupanda digrii moja hula kilojuli nne nukta mbili. Basi mbili mara nne nukta mbili mara sabini na tano: kilojuli 630. Hilo ndilo joto lililofanya kazi. Sasa, kilo ya mkaa hutoa kama kilojuli 30,000. La zamani limekula gramu 210, yaani 6,300. Gawanyeni."

"Kumi kwa mia," akasema Mama Aimable taratibu.

"La mama limekula gramu 105, yaani 3,150. Maji ni yale yale."

"Ishirini kwa mia! Mara mbili!" Mama Aimable akajitazama miguu. "Yesu wangu! Kumbe miaka yote mkaa wangu unapika magoti?"

Safari hii hata Vestine alicheka. Alimtazama binti yake, mikono myeupe kwa chaki, kisha jiko lake, tumbo jekundu kwa moto. Hakujua ajivunie kipi kwanza, uzao wake au udongo wake.

Mama Aimable alikuwa amekwisha kukunja mikono ya gauni.

"Haya, tufundishe. Pumba unatia kiasi gani?"