Ala ya Mkono wa Kushoto

Ngozi ilikuwa imelowa kiasi nilichotaka. Nikiibonyeza kwa dole gumba inaacha kishimo, na kishimo kinajaa polepole. Niliitoa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikaikung'uta, nikaizungushia kwenye kigezo cha mti nilichokichonga jana yake. Kisha nikaanza kuifinya kwa mfupa laini wa ng'ombe, kuanzia penye mtutu kwenda juu kwenye mpini. Ngozi yenye maji hukubali umbo lolote. Ikishakauka na umbo hilo, huwezi kuibembeleza irudi nyuma.

Kigezo kilikuwa cha bastola bapa, zile zinazobeba risasi zake kwenye magazini ndani ya mpini. Mimi sina mapenzi nazo. Yangu ni ya silinda, ya risasi sita, aliyoniachia marehemu baba. Alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe kwa wafugaji, kuanzia Nduruma mpaka Oldonyo Sambu, na alitembea na fedha mfukoni, ndiyo maana alipewa kibali cha kuimiliki. Lakini kazi ni kazi. Tangu mambo yawe ruksa na viatu vya mitumba vianze kushushwa kwa marobota, hakuna tena aliyekuja kibandani kwangu hapa Sokon I kushonewa viatu. Nilihamia kwenye mikanda na mifuko ya darubini ya makampuni ya watalii. Kampuni za ulinzi zilipoanza kuota kama uyoga, nikaongeza ala za bastola, mifuko yake ya kuvaa kiunoni.

Kazi hii aliileta Zakia, binti wa jirani yetu, karani katika mojawapo ya hizo kampuni za ulinzi.

"Shikamoo, baba mdogo. Meneja anataka ala moja, lakini iwe nzuri kweli. Ni ya mtu wetu mpya atakayetupigia mashindano Jumapili."

"Marahaba. Mtu mwenyewe nani?"

"Sijamwona. Meneja ndiye anayemjua. Mimi nimeambiwa tu maneno ya kufikisha." Akahesabu kwa vidole. "Ni ya mkono wa kushoto. Mdomo wa mbele ukatwe uwe chini. Na iinamishwe mbele kidogo, upana wa kidole kimoja."

"Kidole kimoja?"

"Ndivyo alivyosema. Isizidi."

Nilimwambia sawa, akaondoka. Nilichonga kigezo, nikakata ngozi, nikailoweka, na muda wote huo kile kidole kimoja hakikutoka kichwani mwangu.

Katika klabu yetu ya shabaha, mtu wa mkono wa kushoto ni mmoja, Abdulsalam. Tulizaliwa mtaa mmoja, akanifuata mimi kwa miaka michache, na watu walizoea kututaja pamoja kama mapacha. Alipokuwa mtoto alianguka kutoka juu ya lori la magunia akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Kiliunga vibaya, na mpaka leo hakikunjiki vizuri kwenda nyuma. Alipoanza kupiga bastola ya silinda alikuwa akichelewa kuichomoa, anaivuta mara mbili. Nilimshonea ala moja baada ya nyingine, kila moja na mwinamo wake, mpaka tukaipata iliyomfaa. Ilikuwa ile iliyoinama mbele upana wa kidole kimoja. Ikizidi hapo bastola inampiga mbavuni. Ikipungua, kifundo kinakwama.

Hata hivyo sikutaka kukimbilia kumhukumu mtu. Arusha ni mji mkubwa na watu wa mkono wa kushoto hawakosekani. Labda kuna mtu aliyeona ala ya Abdulsalam akaipenda. Labda Meneja alimwomba ushauri tu. Niliyapanga hayo kichwani kama ninavyopanga vyuma vyangu mezani, nikayapima moja moja, na kila moja lilikuwa na njia ya kuwa kweli.

Jambo lenyewe halikuwa dogo kwangu. Mashindano yetu si ya kusimama ukalenga duara. Uwanja wetu ni machimbo ya kokoto yaliyoachwa, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Kipima muda kinalia, unachomoa, unapiga maboksi mawili, unakimbia mpaka nyuma ya mapipa, unapiga mabamba ya chuma yaanguke, unakimbia tena. Pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mwenye bastola bapa anapita uwanja mzima akibadili magazini mara moja. Sisi wa silinda, risasi sita zikiisha, tunafungua silinda, tunamwaga maganda, tunaingiza nyingine sita, na wenzetu wanatucheka kwamba tumesimama kunywa chai. Kuwashindanisha watu hao pamoja ni kushindanisha baiskeli na pikipiki. Kwa hiyo kuna kundi la silinda peke yake. Ila kanuni inasema kundi ni watu watano. Wakiwa wanne hakuna kundi, wanachanganywa na wa bapa.

Kwa muda mrefu tulikuwa wanne: mimi, Abdulsalam, na ndugu wawili wa shamba la kahawa. Wa tano nilimtafuta mwenyewe. Ni Lesikar wa Oldonyo Sambu, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye baba yake alimuuzia baba yangu ngozi. Alikuwa na bastola ya silinda anayoenda nayo mnadani, hajawahi kuipiga hata mara moja. Nilimfuata kwake, nikala nyama yake, nikamwomba. Alicheka sana. "Shamsudin, nikimbie nyuma ya mapipa nikipiga maboksi? Boksi limenikosea nini?" Lakini alikuja, na akaendelea kuja.

Ndipo Mzee Elisaria, mwenyekiti wetu, akatangaza kwamba safari hii mshindi wa kila kundi ataiwakilisha klabu Nairobi, kwenye mashindano ya nchi jirani. Kwenye silinda wa kwanza huwa ni mimi au Abdulsalam, na mara nyingi ni mimi. Sijawahi kupiga shabaha nje ya machimbo yale. Macho yangu yameanza kuchoka, na miaka miwili ijayo sitaliona bamba la mbali. Mke wangu Tunu alikuwa ameshalipiga pasi shati la kusafiria, akalining'iniza nyuma ya mlango. Nilimwambia asubiri nishinde kwanza. Akasema shati halina haraka, litasubiri hapo hapo.

Nilikuwa nimeshatoboa matundu ya mshono, nimeshona upande mmoja, niliposikia sauti ya Abdulsalam nje.

"Kaka Shamsi! Bado unakanda ngozi kama unga wa chapati? Shemeji akikuona atakuhamishia jikoni!"

"Karibu. Huko jikoni nilishafukuzwa."

Aliingia na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akaanza kusimulia juu ya matairi dukani kwake, mteja aliyetaka kurudisha tairi lililokwisha. Alikuwa anachekesha kama kawaida yake, nami nikacheka. Macho yake yalipofika mezani yakagota kwenye kigezo, kisha yakahamia haraka kwenye mahindi.

"Kazi mpya?" aliuliza.

"Kazi mpya. Hebu simama nijaribu ukaaji wake. Mimi mwenyewe mkono wangu ni wa kulia, sitajua."

Nasema kweli, sikumtega. Kila ala ya kushoto niliyowahi kushona nilijaribia kwake, na midomo yangu ilisema hivyo kwa mazoea. Naye kwa mazoea akasimama. Nikampitishia mkanda, nikaisogeza ala kiunoni pake, bado ina unyevu, na kigezo kikiwa ndani. Nilirudi nyuma hatua moja nikasema, "Haya."

Mkono wake wa kushoto ulishuka. Haukutafuta. Vidole viliukuta mpini mahali pake, kifundo hakikukwama, na kigezo kikatoka mara moja, laini, kikasimama mbele yake kwa mikono miwili. Aliushika mpini ule wa bapa kama mtu aliyeushika kwa wiki nyingi, dole gumba limelala pembeni, mahali ambapo kwenye silinda huwezi kuliweka.

Akabaki ameshika kile kipande cha mti. Mimi nilikuwa na hindi mkononi.

"Ni yako," nilisema.

Alikirudisha kigezo kwenye ala, akaufungua mkanda, akauweka mezani taratibu. "Walisema itashonwa Nairobi," alisema. "Sikujua wataileta kwako. Wallahi sikujua, kaka."

"Lakini Jumapili ungekuwa nayo kiunoni. Ningeiona."

"Jumapili ingekuwa imeshapita. Yaani, ingekuwa imeshaanza."

Nilikaa. Yeye aliendelea kusimama.

"Wamenipa kazi," alisema. "Kufundisha walinzi wao. Mshahara wa kila mwezi, Shamsi. Duka la matairi unaliona lilivyo. Wanataka jina lao lionekane kwenye mashindano, na wao wana bapa tu. Na ujue, ile silinda inafunguka kushoto, imetengenezwa kwa watu kama wewe. Umenifundisha vizuri, lakini kila nikijaza risasi napigana nayo. Hii nyingine haijali mkono."

"Hilo naliamini."

"Basi usinitazame hivyo."

"Sikulaumu kwa kazi. Ungekuja hapa ukaniambia, ningekushonea ala bila kuulizwa." Nilitafuta namna ya kulisema lililofuata bila kupandisha sauti. "Lakini ukitoka wewe tunabaki wanne. Piga silinda Jumapili hii moja tu. Jumatatu uende na bapa yako."

"Nimeshajiandikisha."

"Mzee Elisaria atabadilisha. Nitakwenda kumwona sasa hivi. Haiwezekani alivunje kundi zima bila kutuuliza."

Abdulsalam alitazama nje, kule barabarani, ambako mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa ndizi.

"Aliuliza," alisema.

"Alimuuliza nani?"

"Aliniuliza mimi. Nilipokwenda kubadilisha aliniambia, silinda mtakuwa wanne, Shamsudin anajua? Nikamwambia tumezungumza, mimi na wewe. Nikamwambia umesema hakuna neno, kwamba wewe unataka kujipima na wa bapa kwa sababu silinda huna mshindani. Akafurahi. Alisema huo ndio uungwana."

Nilisubiri aseme kwamba anatania, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kutania mpaka mwisho.

"Nilisema hivyo lini?" niliuliza.

"Hukusema."

"Naye akaamini."

"Kwa nini asiamini? Mimi na wewe ni kitu kimoja, kila mtu anajua." Sauti yake ilikwisha. "Angekuuliza wewe ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Kwa hiyo."

Nilifikiri juu ya siku moja ya mazoezi, wiki mbili zilizopita. Alikuwa amesimama pale machimboni na bastola yake ya silinda, akamshika Lesikar bega, akasema kwa sauti, "Watano kamili, wazee! Nairobi watatukoma!" Lesikar alicheka mpaka akafuta machozi. Siku hiyo Abdulsalam alikuwa ametoka kwa mwenyekiti.

"Lesikar anajua?"

"Hapana."

"Na ndugu wa kahawa?"

"Hapana. Nilidhani utawaambia wewe. Wewe wanakusikiliza."

Hapo ndipo nilipojua nimeumia wapi. Kwenda kwenye kundi jingine kuna wengi wamefanya, na kazi ya mshahara ni kazi ya mshahara. Lakini alikuwa ametumia jina langu kunitoa mimi mwenyewe nje, na sasa alitaka nilitumie lile lile kuwatoa wenzangu. Nikienda kwa Mzee Elisaria kusema sikukubali, nitakuwa namwambia kwamba Abdulsalam ni mwongo, na kazi yake mpya ya kushika bunduki za watu itakwisha kabla ya kuanza. Alilijua hilo pia. Alikuwa analitegemea.

"Kaka," alisema akiwa mlangoni. Alisita. "Meneja anaisubiri ile ala. Itakuwa tayari kesho?"

Nilimtazama kuona kama ameona aibu kuuliza. Alikuwa ameona, lakini aliuliza.

"Haijakauka," nilisema.

"Kesho, basi."

"Hindi lako umelisahau."

Alirudi akalichukua, akaondoka.

Tunu alikuja kuniita chakula akanikuta nimekaa vile vile. Aliitazama ala, akanitazama mimi. Nilimweleza yote kwa maneno machache. Abdulsalam ndiye aliyeibeba mahari yake akiwa kijana. Tunu aliuliza, "Shati nilitoe mlangoni?"

"Liache kwanza. Asubuhi nitapanda Oldonyo Sambu. Lesikar asiambiwe na mtu mwingine."

"Na kwa Mzee Elisaria?"

"Nikitoka kwa Lesikar. Tutakwenda wote wawili, nijisemee mwenyewe nilichosema na ambacho sikusema."

"Halafu Abdulsalam?"

Nilianza kukusanya vyuma vyangu mezani. Tunu akaenda kupakua.

Niliiinua ala. Ilikuwa bado na maji. Ningekichomoa kigezo wakati ule ngozi ingelegea na kujikunja, na kazi yote ingekuwa bure. Niliushika mpini wa kigezo kwa muda. Halafu nikakisukuma ndani vizuri, nikapitisha mfupa tena pale penye mwinamo, ambapo palikuwa pameanza kusogea, mpaka pakarudi upana wa kidole kimoja. Upande wa pili ulikuwa haujashonwa. Niliuvuta uzi wa nta kwenye tundu la kwanza, nikaiacha sindano inaning'inia hapo, nikaifunika kazi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, nikafunga kibanda.