Mkwe Kanialika Kula

Mkwe wangu Nathaniel alinipigia simu akaniambia, "Mama, Jumamosi nataka nikupeleke mahali tukale." Nikadhani mtandao umekata maneno.

Mkwe hali na mama mkwe. Sisi Wasukuma wa umri wangu tunalijua hilo kama tunavyojua kwamba mtu havui nguo njiani. Tangu amuoe binti yangu Queen, Nathaniel hajawahi kuniona nikitafuna, wala mimi sijawahi kumwona yeye. Akija kwangu Mkolani anasalimia akiwa mlangoni, macho chini, mkono hatoi. Anakaa sebuleni, mimi nakaa jikoni, na chakula chake anapelekewa na Kija, ambaye humwaga nusu ya mchuzi koridoni.

Kija ni mjukuu wangu, mtoto pekee wa Queen. Yuko darasa la pili. Queen alipofariki mwaka jana, turubai la msiba lilikuwa halijashushwa, na Kija alikuwa ameshahamishia madaftari yake chumbani kwangu bila kumuuliza mtu. Analala ubavuni pangu na kunipiga mateke. Nimeyazoea. Siku asiponipiga naamka kumpapasa kama anapumua.

Kwa hiyo niliposikia "tukale" nilijua kuna jambo, na jambo lenyewe ni Kija. Mtaani walishaninong'oneza kwamba Nathaniel amepata mwanamke, Mhaya, mwalimu, anaitwa Prudencia. Basi siku ilipofika nilivaa gauni langu la jumuiya, nikafunga kitenge kipya juu yake, nikaenda kupigania mtoto. Na njaa nilikuwa nayo pia, sitadanganya.

Penyewe ni kontena lililopakwa rangi ya njano, limewekwa ufukweni mwa ziwa upande wa mjini, na viti vimeundwa kwa mbao za makreti. Ukutani wamechora bendera. Juu pameandikwa Kona ya Dunia, na chini yake, Vyakula vya Barabarani vya Mataifa. Nikasoma tena. Vyakula vya barabarani hata Buhongwa vipo, na hakuna anayevipeperushia bendera.

Ziwa siku hiyo lilikuwa la kijivu, gugumaji limejaa ukingoni, na makorongo wamesimama juu ya mawe, mabega juu, kama watu waliochelewa mazishi. Vijana walikuwa wengi. Kila mmoja akiletewa sahani anaipiga picha kwanza. Nikadhani wanaweka ushahidi, wakiumwa tumbo.

Nathaniel aliponiona aliinuka, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Habari za kazi?"

"Nzuri. Karibu ukae."

Akanionyesha kiti kilichokuwa mbele yake. Mbele yake kabisa, uso kwa uso, na meza yenyewe upana wa sinia.

"Hapo sikai," nikasema.

"Mama, hiki si chakula cha nyumbani. Hapa hakuna ugali. Hivi vya China na Mexico wazee hawakuviwekea neno."

"Wazee hawakuweka neno kwenye chakula, mkwe. Waliliweka kwenye mdomo. Na mdomo wangu ni uleule."

Akacheka huku amejiziba na kiganja. Mimi nikakishika kiti, nikakigeuza, nikakaa nimempa mgongo. Na yeye, bila kuambiwa, akakigeuza chake. Tukawa mgongo kwa mgongo, yeye anatazama kontena, mimi natazama makorongo. Mhudumu akaja, binti mwembamba, jina lake Odeta limeshonwa kifuani. Akasimama katikati yetu, hajui aanze na nani.

"Jamani, mmegombana?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Tunaheshimiana. Huyu ni mkwe wangu."

"Aaa! Hata kwetu Ukerewe wapo hivyo. Basi kila mtu na sahani yake. Niwaletee nini?"

Nikasikia kidole cha Nathaniel kikigonga karatasi ya vyakula. "Hiki. Na hiki. Na hiki cha kijiti."

"Hiki cha kwanza ndiyo tako, kaka?"

Nikasikia mkwe wangu anakohoa kama amemeza mwiba wa sato.

"Binti, acha kumwonea," nikasema. "Hilo neno hawezi kulitamka mbele yangu, hata akiwa amelikalia. Wewe lete tu, jina libaki jikoni."

Odeta aliondoka akicheka mpaka wale vijana wa picha wakageuka.

Kikaja chakula. Hicho kisichotajwa ni kichapati cha mahindi kilichokunjwa, ndani nyama ya kukatakata, kitunguu kibichi na ndimu, na kila ukiuma huku kinamwaga kule. Ni chapati iliyoshindwa kufunga mdomo. Yakaja mandazi ya Kichina, yamepikwa kwa mvuke, meupe kama mtu aliyetoka kuugua, lakini ndani yana nyama na tangawizi, nikayamaliza. Cha mwisho kilikuwa soseji ya Kikorea. Wameitunga kwenye kijiti, wakaivika unga, wakaikaanga, halafu juu yake, nasema niliyoyaona, wakanyunyiza sukari.

"Sukari juu ya nyama," nikayaambia makorongo. "Hiki kilifikiriwa na nani?"

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Queen alikuwa anakipenda hicho."

Nikaacha kutafuna.

"Tulikuwa tukitoka hospitali tunapita hapa, mama. Chakula cha nyumbani kilikuwa kinamnukia vibaya, hata harufu ya sufuria. Hicho cha sukari alikuwa anamaliza chote na kijiti anakilamba. Alisema siku moja lazima tumlete mama, tusikie atasema nini."

Miezi ile yote nilikuwa nampikia mwanangu mchuzi wa samaki, nachuja miiba kwa kitambaa, nampelekea, na yeye anageukia ukuta. Nikawa namwagia kuku wa jirani na kulia. Nilijua mwanangu hali. Kumbe alikuwa anakula. Alikuwa anakaa hapa, kwenye mbao za makreti, sukari mdomoni, ananisubiri mimi nije nitanie. Sijui kama nililosikia moyoni lilikuwa furaha. Nililamba ile sukari taratibu, upande wote mmoja, halafu upande wa pili.

Nathaniel aliniacha nimalize. Ana adabu, hilo simnyimi. Halafu akasema, "Mama, kazini wamenihamisha. Minara ya simu ya Kagera nimepewa mimi. Nitakaa Bukoba."

"Nenda salama, mkwe."

"Na Kija."

"Kija ana shule."

"Bukoba shule zipo. Prudencia mwenyewe anafundisha huko. Jumapili ya wiki ijayo nitakuja kumchukua."

Niliangalia maji. "Bukoba ni mbali," nikasema.

"Si mbali siku hizi. Zamani tulikuwa tunakaa foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka jua linazama. Sasa daraja lipo, unapita tu."

"Daraja ni fupi, mkwe. Bukoba ndiyo ndefu."

"Mama."

"Niachie mpaka amalize la saba."

"Mama, unazeeka. Juzi ulimpeleka shule siku ya sikukuu."

"Na akarudi na elimu ileile."

Hakucheka. Nikaona utani haufanyi kazi, nikabadilisha. "Na huyo mwanamke wako atamlisha nini mjukuu wangu? Senene?"

"Anawapenda. Ameshaonja, akaomba tena."

Hilo sikulitegemea. Kumbe Kija alishakutana naye, alishalishwa, na akarudi nyumbani akanipiga mateke usiku kama kawaida, hakuniambia kitu. Au aliambiwa asiniambie. Au mtoto alinihurumia tu, nalo ndilo baya zaidi.

"Ng'ombe nilileta, mama," Nathaniel akasema kwa sauti ya chini. Hakulisema kwa jeuri. Lakini alileta kweli, wanono, na baba yake Queen aliwapokea mbele ya ukoo. Mtoto ni wao.

Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu. Kwenye ukoo wetu, mama mkwe akimkasirikia mkwe mpaka mwisho, hamtukani. Anamfuata, anasimama mbele yake, na anakula. Anakula huku anamtazama. Maana yake ni kwamba wewe si mkwe tena, wewe si kitu, mlango wangu usiujue. Mama yangu mdogo alimfanyia hivyo mwanaume aliyekuwa anampiga binti yake. Alimkuta kilabuni na wenzake, akatoa kiazi kwenye pindo la kanga, akakila chote mbele yake. Yule bwana alifunika uso na shati, na kesho yake alikuja kupiga magoti uani. Hakumgusa tena yule binti. Nilikuwa mdogo, lakini sijasahau yale magoti.

Basi nikasimama. Nikakigeuza kiti, miguu yake ikalia kwenye saruji, nikakaa.

"Nathaniel," nikamwita. Kwa jina. Sijawahi kumwita kwa jina.

Akageuka.

Nikachukua kile kichapati kisichotajwa, nikakiuma katikati, nikatafuna mdomo wazi, mchuzi unatiririka kidevuni, macho yangu kwenye macho yake. Meno yangu ya mbele hayapo, kwa hiyo kazi ilikuwa ndefu na mbaya. Nikatafuna. Nikasubiri afunike uso. Nikasubiri aseme basi mama, inatosha, baki na mtoto.

Nathaniel alinitazama. Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nikasema moyoni, hayo yanakuja, magoti yanakuja.

Akakigeuza kiti chake, akakisogeza mezani. Akachukua chake, akakiuma, akatafuna na yeye, ananitazama. Hapo ndipo nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Yana mwanya katikati. Nilikuwa najiuliza siku zote Kija aliutoa wapi ule mwanya.

"Asante, mama," akasema, chakula bado kimejaa shavuni, na machozi yanamshuka. "Asante sana. Nilimwambia Prudencia, siku mama akikubali kukaa ale na mimi kama mtoto wake, ujue ametuachilia kwa moyo mweupe. Alikuwa anaogopa utatulaani. Sikujua nitakuombaje. Na Queen naye aliitaka siku hii. Asante."

Kijana wa watu alizaliwa Nyakato kati ya viwanda, shangazi zake walishakufa, nani angemfundisha? Mwiko wa kutokula pamoja alifundishwa. Maana ya kula kwa makusudi haikumfikia.

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa hapa, nyuma ya ile nyama. Nimekufukuza, mjinga wewe, hata kufukuzwa hujui. Lakini ningesema hivyo, Kija angekwenda Bukoba vilevile, tofauti ni kwamba likizo asingerudi. Nani ampeleke mtoto kwa bibi aliyemvua baba yake ukwe hadharani?

Nikameza.

"Kula," nikamwambia. "Kula, mwanangu, kinapoa."

Tukala. Tulimaliza na mandazi yake ya Kichina, alikuwa ameyabakiza. Alinisogezea sahani kwa mkono wake mpaka mkononi kwangu, na vidole vyetu vikagusana, na hakuna aliyeruka. Yeye alikuwa anaongea, anaongea, mambo ya nyumba waliyopanga, ina mparachichi, mtoto atakuwa na chumba chake. Chumba chake. Sasa atampiga nani mateke?

Odeta akaja kutoa vyombo, akatukuta uso kwa uso.

"Eeh! Heshima imeisha?"

"Imeisha, mwanangu."

"Basi niambie, bibi. Katika vyote ulivyoonja leo, kitamu ni kipi?"

"Vile nilivyokula nimempa huyu mgongo."

Akacheka. Nathaniel naye akacheka, ule mwanya wote nje. Akadhani natania, na mimi sikumzuia.

Nilirudi Mkolani mchana na soseji ya sukari kwenye mfuko wa karatasi. Kija alinisubiri barazani. Aliilamba sukari kwanza, upande mmoja, halafu upande wa pili, ndipo akaiuma. Sikumwambia nani mwingine alikuwa anaila.

"Baba amekwambia?" akauliza, hanitazami.

"Ameniambia."

Akakilamba kijiti. "Jumapili akija, nimpelekee chakula sebuleni?"

"Hapana. Siku hiyo tutakula mezani, wote."

"Na wewe? Mbele ya baba?"

"Mbele ya baba."

Alipiga kelele ya furaha, kwa sababu ile kazi ya kubeba bakuli la mchuzi koridoni hakuipenda hata siku moja. Akaingia ndani mbio. Nikasikia viti vinaburutwa. Nilipochungulia alikuwa ameviweka vikitazamana, kimoja cha baba, kimoja cha bibi, na chake katikati. Akakaa kwenye cha baba, akatazama changu. Akahamia changu, akatazama cha baba.

"Hivi, bibi?"

Jumapili yenyewe ilikuwa bado. Vile viti tungevigonga kwa miguu wiki nzima.

"Hivyohivyo," nikamwambia. "Viache hapo."