Karatasi ya Buluu

Watu wanadhani mchezo wa jukwaani ukishazinduliwa umekwisha kupikwa, kilichobaki ni kupakua. Wangekuja kwetu wakaona. Wageni wa heshima wamekuja, wamepiga makofi, magazeti yameandika, na kesho yake asubuhi tunakuta karatasi mpya mezani. Mwongozaji wetu tunamwita Kifutio. Anajua tunamwita hivyo, na wala hajali. Kabla ya uzinduzi anaandika kwenye karatasi nyeupe. Baada ya uzinduzi kila badiliko lina rangi yake: kwanza manjano, kisha waridi, kisha kijani. Unachukua karatasi yako, unatia sahihi kwenye orodha ukutani, halafu unaimba kilichoandikwa humo, utake usitake.

Mimi kazi yangu ni kunong'oneza. Nakaa kwenye kiti kifupi nyuma ya pazia la kushoto, mchezo mzima uko magotini pangu, na mwigizaji akisahau namrushia neno la kwanza. Miaka ishirini na sita nimekaa pale. Mgongo umeniisha, lakini sijawahi kumwacha mtu akaaibika mbele za watu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyimbo tupu, habari za mama anayemsubiri binti yake aliyetoroka nyumbani. Na huyo mama alikuwa dada yangu, tumbo moja. Kila nikimkuta kwenye chumba cha kuvalia namwamkia shikamoo, mwanamke mzima mimi, naye ananiitikia marahaba kwa madaha, halafu ananiuliza kama nimepiga mswaki. Wenzetu walikuwa wanavunjika mbavu.

Sasa niseme lililokuwa likinikata maini. Dada alikuwa anasahau. Sisemi miwani na funguo, hivyo kila mtu anasahau. Alikuwa anabandika sufuria tupu jikoni na kuondoka. Alikuwa anampakulia shemeji chakula, na shemeji tulishamzika mwaka wa tatu sasa. Daktari aliniita pembeni akaniambia ya zamani yatakawia kuondoka, ila mapya hayatashika. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ule wimbo wake mkubwa, beti mbili tu, tulikaa nao mezani kwangu miezi minne mpaka ukamwingia. Nikimpa neno la kwanza la ubeti anashika mwenyewe mpaka mwisho, na kwa dakika zile anakuwa dada yangu kamili, yule aliyenilea. Nilitaka amalize msimu. Wiki nane. Sikuomba zaidi ya hapo.

Karatasi za manjano hazikumgusa. Za waridi zilimwongezea sentensi moja, nikampa jirani yake jukwaani aiseme, tukapita. Kisha ikaja kijani.

Gazeti moja lilikuwa limeandika kwamba mama yule ni mpole mno. Kifutio hakulala. Ubeti wa pili ulikuwa unasema hivi:

*Kitanda nimetandika, maji nimekutekea,*
*njoo ulale mwanangu, hasira zimenishia.*

Akaufuta wote. Mahali pake akaweka mama anayekomea mlango na kutupa ufunguo. Binti, badala ya kuingia ndani na kulala, sasa analia kizingitini.

Niliibandika ile karatasi ukutani, juu ya meza ya chakula. Dada akaisoma vizuri kabisa, kwa sauti ile ile ya kutoa nyoka pangoni. "Mlango nimekomea." Nikaibandua. "Haya, dada, imba." Akaimba kitanda. Nikaibandika tena. Siku nne! Siku ya nne akaniangalia kwa hasira, akasema, "We mtoto, mama gani anamfungia mwanawe mlango? Niache." Nikamwacha. Asubuhi nikaenda kwenye orodha ukutani, nikatia sahihi ya dada kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijiambia Kifutio ana mambo mengi, hatasikia. Ujinga mtupu. Mtu aliyeandika neno atakosaje kusikia halikusemwa?

Onyesho la mchana siku ile ukumbi ulijaa. Dada akaimba kitanda, taratibu, mikono imefunguka, hata mkuu wa bendi alisahau kukunja uso. Halafu binti, masikini, yeye kashika karatasi yake ya kijani kichwani, akaanguka magotini akapiga kelele: "Mama, umenifungia mlango!" Mzee mmoja viti vya mbele akamjibu, "Si umeambiwa kitanda kimetandikwa? Kalale, mwanangu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kumfukuza mtu. Dada naye akacheka kidogo kwa adabu, kwa sababu wageni wanacheka.

Kifutio alituita ofisini kwake, mimi na dada, orodha ya sahihi iko mbele yake. "Hii ni sahihi yako?" akamuuliza. Dada aliitazama ile karatasi kama barua ya mtu mwingine. Nilimwona anatafuta, anatafuta, jasho linamtoka juu ya mdomo. Hapo ndipo ningesema ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nimelisikia neno hilo tangu sijaota meno. Lakini nilimwangalia dada yangu, nikaona ukweli huo utamtoa jukwaani leo leo.

"Sahihi ni yangu," nikasema. "Mimi ndiye sikumpa karatasi. Sikuupenda ubeti mpya."

"Hukuupenda?"

"Sikuupenda."

Si mtu mbaya, Kifutio, ningependa awe mbaya nimchukie vizuri. Akasema miaka ishirini na sita ameiheshimu, ila mtu anayechagua maneno ya kupeleka hawezi kukaa nyuma ya pazia. Kuanzia siku ile nitakata tiketi mlangoni. Kiti changu akapewa mpwa wake, binti msikivu, anasoma kilichoandikwa bila kuruka nukta. Nilitoka pale najiona shujaa. Nilikuwa nimefika kituo cha basi ndipo likanijia wazi: nimemwokoa dada kwa kumwondolea mtu pekee aliyekuwa anamshika mkono. Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka watu wakanihama.

Ningerudi nikasema, sivyo? Sikurudi. Kila siku nilijiambia kesho. Nilimfundisha dada ule mlango asubuhi na mchana, nikambembeleza, nikamfokea, Mungu anisamehe, siku moja nikagonga meza mbele yake mpaka akashtuka akaniuliza amekosa nini.

Jumamosi, onyesho lililofuata, nikasimama mlangoni na vipande vya tiketi mkononi. Ubeti wa kwanza dada aliumaliza bila kosa. Bendi ikashuka. Nikamsikia yule msichana, nyuma ya pazia langu, akitoa neno kama alivyofundishwa, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Mlango."

"Mlango?" dada akauliza, kwa sauti. "Mlango gani?"

Bendi ikarudia kipande kile kile. Msichana akasema tena, "Mlango nimekomea." Dada akageuka kuangalia kwenye kona yangu, akamkuta mtu asiyemjua. Bendi ikazunguka mara ya tatu. Akashika gauni lake pande zote mbili kama mtoto, akaita mbele za watu mia nne, "Mdogo wangu! Uko wapi? Mbona umeniacha?"

Sijui nilifikaje katikati ya viti. Najua tiketi zilimwagika. "Kitanda, dada!" nikasema. "Kitanda!"

Uso ukamrudi. Akaimba. Akaimba kile kitanda, akaimba yale maji, na sikuwahi kumsikia akiimba vile hata ujanani. Watu walisimama. Yule mzee wa viti vya mbele, kumbe alikuwa amerudi, alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake. Nami nikasimama pale kati nikidhani yamekwisha, sasa wamejua, sasa nitampeleka nyumbani kwa heshima.

Jumatatu tukakuta karatasi za buluu.

*Mama anasahau. Anamwita mdogo wake mara mbili. Mdogo anatokea katikati ya watazamaji na kumpa neno. Mama anaimba kitanda.*

Niliingia ofisini bila kubisha hodi. Nikamwambia yote: sufuria, shemeji, daktari, kijani. Kifutio alivua miwani, akaishika muda mrefu. Macho yalikuwa mekundu, nasema haki. "Mnong'onezi," akasema, "tiketi zimekwisha mpaka mwisho wa msimu. Watu wanauliza onyesho la yule mama anayesahau. Nikiutoa ubeti huu, sina sehemu nyingine ya kumweka dada yako. Ukitaka aende nyumbani, nitamuaga vizuri, na maua. Sema wewe."

Nilifikiri nyumbani. Nilifikiri lile dirisha la jikoni na mchana mzima usio na neno la kwanza. Nikaenda ukutani nikatia sahihi mbili, yake na yangu.

Nilimsomea ile karatasi mezani. Akasikitika sana. "Masikini mama wa watu," akasema. "Amesahau hata wimbo wake?" Nikamwambia ni mchezo tu. Akatikisa kichwa, akaendelea na chai yake.

Kumfundisha kusahau hakukuhitajika. Alhamisi, onyesho la mchana, bendi ikashuka, akasimama, akatafuta, akaita. Akaita mara mbili, kama ilivyoandikwa, lakini yeye hakuwa anafuata maandishi. Nikatoka katikati ya viti na gauni nililoshonewa, nikampa neno. Akaimba. Watu wakalia, wakapiga makofi, kama walivyolipia.

Pazia lilipofungwa alikuja moja kwa moja kwangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama," dada yangu akaniambia. "Ahsante sana kwa kunikumbusha. Kwa kawaida ni mdogo wangu ananikumbusha. Leo nimemwita, hakuja."

Wenzetu wote walikuwa wanatuangalia, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Marahaba," nikamwitikia.