Picha ya Kiwanja Kitupu

...na bado anacheka, simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja unachagua biskuti kwenye bati, mwingine umeninyooshea kidole, dakika moja tu Pani, na mimi nimesimama mbele ya meza ya Katibu wa Kilimo, faili kifuani, kama mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu, miaka hamsini na sita, mvi, kitambi, na mfukoni kofia ya sufu ya kufunika masikio kwa sababu mke wangu Minati anaamini Januari yetu ya nyuzi kumi na nane inaua watu, dakika moja tu Pani, hiyo ni ya tano sasa, saa sita na nusu imepita na saa saba kitabu cha makadirio kinakwenda kwa mpiga chapa, kikishachapwa hata mungu mwenye mikono minane hawezi kubadilisha tarakimu humo, halafu Baraza la jimbo watakipitisha huku nusu yao wamesinzia, na huyu anauliza kwenye simu mwimbaji atalala hoteli gani, na eti ni kweli hali vitunguu... hali vitunguu, tuandike basi, tuongeze na fungu la vitunguu visivyoliwa.

Laki arobaini na mbili. Amesema kabla simu haijalia, Pani, nitafutie laki arobaini na mbili humo humo ndani, Hazina usiwaguse, Hazina wamekataa, nikauliza za kazi gani mkuu, nikijifanya sijui, idara nzima inajua mpaka mlinzi wa lango, ni za Maonyesho ya Wakulima, siku tatu za Aprili, jukwaa, mahema, vipoza hewa arobaini, picha ya waziri ndefu kuliko trekta atakalolizindua, na mwimbaji kutoka Mumbai ambaye mkulima wetu hajawahi kumwona ila kwenye kalenda ya duka la mbolea, nikasema mkuu, humo ndani hakuna kitu kimelegea, kila rupia ina kazi, akasema kila kitu kina kilicholegea, akavuta rasimu ya kitabu cha makadirio iliyo mezani, akapekua mwenyewe, ana vidole vya haraka, lazima nimpe sifa yake, vidole vya mtu aliyefaulu mitihani yote ya maisha kwa mara ya kwanza, akaganda ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akagonga kwa ukucha, Badaliput, ghala la mbegu, hii ni nini, mwaka huu imepewa elfu moja na mwakani inaruka mpaka laki arobaini na mbili, Pani, hii ni kama uliniwekea akiba, akacheka, na mimi, Mungu anilaani, nikacheka pia, simu ikalia, na cheko langu limebaki hewani hapa chumbani kama harufu mbaya ambayo kila mtu anajifanya hakuitoa yeye.

Sikukuwekea wewe. Niliificha isiguswe. Ile elfu moja niliiandika mimi mwaka jana walipotukata, ndivyo tunavyofanya, kazi ambayo huna fedha zake unaiachia rupia elfu moja ili jina lake lisifutwe kitabuni, mtu hawezi kununua hata mlango kwa elfu moja lakini jina linapumua, nikajiona fundi, nikamweleza Minati kwenye chakula cha jioni jinsi nilivyowazidi Hazina akili, akaniongezea wali akasema hongera, sasa hao watu wataweka mbegu ndani ya jina... na Novemba Hazina wakatoa waraka, fungu lolote litakalopewa elfu moja miaka miwili mfululizo linahesabiwa limekufa, linafutwa, halirudi tena, kwa hiyo nikilirudisha leo kwenye elfu moja kama anavyotaka huyu, sikati, nazika, na ujanja wangu wa mwaka jana ndio umekuwa nusu ya kwanza ya mazishi.

Tena hataandika yeye. Hilo ndilo linalonipandisha damu mpaka nasikia fizi zinauma. Kwetu mkubwa hapendekezi kitu, mdogo ndiye anayependekeza kile alichoamrishwa kwa mdomo, kwa mwandiko wake mwenyewe, inapendekezwa kwamba, kisha mkubwa anaandika neno moja chini yake kwa wino wa kijani, Naafiki, basi, na mkaguzi akilifungua faili hili miaka kumi baadaye atakuta kwamba siku moja ya Januari mtu aitwaye Nalinikanta Pani aliamka asubuhi, akaoga, akala, akaja kazini akawachukia wakulima wa ulezi bila kulazimishwa na mtu, na Katibu wake, Bwana Tanmay Rath, kijana mpole, akamkubalia tu... sasa anakula biskuti ya pili, biskuti za ulezi, ndiyo, ulezi umekuwa fasheni, zamani ulikuwa chakula cha watu wa milimani na watoto wa mjini walifundishwa kuukunjia pua, sasa uko kwenye bati la dhahabu lenye picha ya mama wa milimani anayechekelea, rupia mia sita bati moja, makombo yake yanaangukia ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili na anayapuliza.

Na mimi ninajua ulezi, si wa bati, nimezungushwa dunia kwa ajili ya kilimo kwa gharama ya umma, nimekwenda Uholanzi siku tisa kutazama viazi, Tashkent kutazama pamba, Nairobi kwenye semina ya ulezi wenyewe nikasinzia mstari wa mbele mpaka mama mmoja wa pale akanitikisa bega akasema mzee, chai, na katika safari zote hizo hakuna aliyenifundisha kitu kama Sebati Majhi, ambaye hajawahi kupanda hata treni, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama Badaliput, siku niliyofika kwake nikiwa na viatu vya mjini na kalamu tatu mfukoni, akaniingiza kwenye ghala lao la udongo, giza, ubaridi mzuri, harufu ya mwarobaini, vikapu kumi na kimoja vimepakwa samadi na kuzibwa midomo, mbegu kumi na moja za ulezi, akawa anafungua kimoja kimoja ananinusisha, huu unaiva kabla ya njaa, huu ndege hawaupendi, huu wa uji wa mzazi, nikaonyesha kikapu cha mwisho kabisa kwenye kona, na huo, dada, akakipiga kofi dogo kama mtu anayemgusa mtoto mkorofi.

"Huo ni wa mwaka mbaya," alisema. "Ukiupanda mwaka mzuri unanuna."

Kuta zilikuwa nene kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, zilijengwa kabla mama yake hajazaliwa, panya hawakutoboa, maji hayakupenya, paa tu ndilo lilikuwa linaomba msaada, wangeweza kulibadilisha kwa laki mbili... laki mbili, lakini sisi hatuna fungu la paa, tuna fungu la ghala jipya, na fomu ya ghala jipya ina sharti la saba, ambatisha picha ya kiwanja kitupu, na Badaliput yote imekaa kwenye mteremko, sehemu moja tu ni tambarare, pale pale ghala liliposimama... anasema nini, anasema waziri anataka kuingia na ng'ombe wawili weupe, weupe kabisa, na huko upande wa pili wanamwambia kitu, anasema hapana hapana, wakodini, msinunue.

Mimi ndiye niliyesema bomoeni. Haya, nimelisema, kichwani tu, lakini nimelisema. Si Rath, Rath wakati huo alikuwa idara ya utalii akizindua mashua, si waziri, si Hazina, ni mimi niliyesimama pale na fomu, Sebati akaniuliza kwa adabu, mdogo wangu, si tungoje kwanza pesa ifike ndipo tubomoe, swali la mtu mwenye akili timamu, na mimi badala ya kujibu nikatania, nikasema dada, serikali ina macho mabovu kama yangu, ikiona ghala la zamani limekaa hapo haiwezi kuona jipya, bomoeni, baada ya sikukuu ya Dasara mtakuwa na la matofali, wakacheka wote, akina mama tisa, nami nikapanda gari nimefurahi kwamba nimewachekesha, na wao wakabomoa siku mbili, ukuta uliokataa mvua za miaka themanini wakaushusha kwa majembe kwa sababu bwana mmoja mchangamfu kutoka mjini alisema, wakanitumia picha, ipo humu, nyuma ya ukurasa wa tatu, imebanwa, kiwanja kitupu safi kimefagiliwa kabisa, na wao wamesimama pembeni wamevaa sari za sikukuu, wanatabasamu, kwa sababu walidhani picha inataka watu wanaotabasamu.

Minati husema wewe ukiogopa unatania, miaka thelathini anasema, na mimi humjibu kwa utani.

Kisha tukakatwa, kisha elfu moja, kisha mvua, vikapu vikahamia stoo ya shule chini ya bati linalovuja, na wiki iliyopita amenipigia, laini inakatika katika, nikaanza mara moja na porojo zangu, vipi dada, mbuzi wako amefaulu mtihani, akaniacha nimalize, halafu akasema ukungu umekula vikapu vinne, vimebaki saba, wa mwaka mbaya nao umeoza, nilimwaga mwenyewe, kisha akasema sikupigii kulalamika.

"Nakuuliza kitu kimoja tu. Tujenge tena la udongo kabla ya mvua, au tungoje? Wewe ndiye unajua."

Nikamwambia ngojeni. Wakijenga, kiwanja si kitupu tena, picha inakuwa uongo, fungu linaanguka, ngojeni dada, safari hii nimeliandika kwa mkono wangu, na akasema sawa, hakuuliza mara ya pili, watu wale hawaulizi mara ya pili, wamekaa huko wanangoja neno langu huku udongo wa kuta zao umelala kwenye rundo pembeni, na kila siku wanayongoja ni siku ya kiangazi iliyopungua, udongo unataka jua miezi mitatu kukauka, na mimi hapa nimeshika kalamu nikimchukia huyu kijana, na ni halali yake achukiwe, ila nikiitazama vizuri hasira yangu naona nimempa yote ili nisibaki na hata kipande changu.

Anageuka, bado yuko kwenye simu, ananifanyia ishara ya kuandika hewani, andika, andika, na kinywani naona kizaha kimeshafika, kipo tayari kabisa, kuhusu ng'ombe weupe, angecheka, mambo yangepita, ningeandika inapendekezwa kwamba na ningekuwa nyumbani saa kumi... nakimeza. Kinashuka kama kidonge kisicho na maji. Najua watakachonifanya, watanipeleka ofisi ya takwimu kule wilayani ambako linafika faili moja kwa mwezi, tena limeliwa na mchwa, na miaka minne iliyobaki kabla ya kustaafu itakuwa mirefu, sawa, kule ni karibu na Badaliput, kwa basi la asubuhi mtu anafika, na kabla ya jioni leo nitampigia Sebati nimwambie jengeni, jengeni la udongo, msiningoje mimi wala mtu yeyote, fedha zikija zitakuta ghala na zitajua la kufanya, naliweka faili kwenye pembe ya meza yake, nafunua upande wa kushoto, penye karatasi ya maoni yetu, yeye anasema kwenye simu garimoshi hapana, mwimbaji lazima ndege, na mimi siandiki inapendekezwa, naandika Katibu ameniagiza kwa mdomo leo saa sita nihamishe fedha za Badaliput kwenda maonyesho, sipendekezi, naandika wakazi hawana ghala kwa sababu walikuwa nalo, lilikuwa zima, nami niliwaambia walibomoe ili tupate picha, wino unakwenda vizuri, haukwami, na chini yake, mahali ambapo siku zote naweka herufi mbili za haraka zisizosomeka, naandika jina langu lote, Nalinikanta, polepole, kisha Pani.